Nafasi Tupu Ndiyo Habari: Uhakiki wa Picha ya Familia ya Jua

Tarehe 14 Februari 1990, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Voyager 1 kiligeuza kamera zake na kutazama kilikotoka. Kilikuwa karibu kilomita bilioni 6 kutoka kwenye Jua. Sayari zote kilizotumwa kuzipita kilikuwa kimeshazipita, na mbele yake hapakuwa na nyingine. Kwa muda wa saa chache kikapiga picha 60, na picha hizo zilipounganishwa zikatoa kazi moja iliyokuja kuitwa Picha ya Familia. Hadi leo hakuna chombo kingine kilichoupiga picha mfumo wa Jua kutoka nje namna hiyo.

Kazi hii imesimuliwa sana na kusomwa kidogo. Watu hukimbilia kipande kimoja tu, kile chenye Dunia ikiwa nukta ndani ya mwale wa mwanga, ambacho Carl Sagan alikipa umaarufu mkubwa kwa kitabu chake cha mwaka 1994, Pale Blue Dot. Wakishakitazama hicho hutoa mafunzo: udogo wetu, unyenyekevu, amani. Mafunzo hayo ni mazuri, wala sina ugomvi nayo. Lakini hivyo ndivyo hata shairi linavyoharibiwa darasani, mwalimu anaporuka beti, mizani na mpangilio wa picha akakimbilia dhamira. Hapa nataka twende polepole, tuanze na fani: nani anatazama, amesimama wapi, ameingiza nini ndani ya fremu na kuacha nini nje, vipande vimeshonwaje. Tukisoma hivyo tutaona kwamba habari kubwa ya kazi hii haimo katika nukta yoyote kati ya zile chache zinazoonekana. Imo katika weusi unaozitenganisha.

Weusi huo hauwezi kueleweka bila kwanza kuutazama mchoro ambao kila aliyepita shule ya msingi anaujua. Upo kwenye vitabu, upo kwenye chati za ukutani, na pasipo na chati mwalimu huuchora mwenyewe kwenye manila kwa kalamu za rangi. Kushoto kuna Jua la manjano, mara nyingi limekatwa nusu na ukingo wa karatasi. Kutoka hapo sayari nane zinafuatana kuelekea kulia: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali na pete zake, Uranusi, Neptuni. Mistari iliyopinda inapita katika kila moja kuonyesha mzingo wake. Mirihi ni nyekundu, Neptuni ni ya buluu iliyokolea, na majina yameandikwa chini kwa herufi kubwa. Nafasi kati ya sayari moja na nyingine inalingana karibu kote, na mara nyingi haitoshi hata kupitisha kidole.

Mchoro huo una kazi yake na unaifanya. Unafundisha mpangilio, na mpangilio ni jambo la lazima kwa anayeanza. Asili yake nayo ni ya heshima. Mwaka 1543 Nicolaus Copernicus alichapisha, katika kitabu chake De revolutionibus, mchoro wa duara moja ndani ya jingine huku Jua likiwa katikati. Hoja aliyokuwa akiijenga ilikuwa ya mpangilio: nani yuko katikati, nani anamzunguka, nani anafuata baada ya nani. Kwa hoja hiyo umbali halisi haukuhitajika kuchorwa. Chati zetu zimeurithi mchoro wa hoja, zikaupaka rangi, kisha zikauweka mbele ya watoto kana kwamba ni picha ya mahali. Hapo ndipo udanganyifu unapoingia, na anayedanganya hajui kwamba anadanganya.

Tuupime. Chukua ukurasa wenye upana wa sentimita 20, weka Jua ukingo wa kushoto na Neptuni ukingo wa kulia, kisha chora kila kitu kwa kipimo kimoja. Jua, ambalo upana wake ni takriban kilomita milioni 1.39, litakuwa kidoa cha chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Dunia, yenye upana wa kilomita 12,742, haitafika hata sehemu moja ya elfu moja ya milimita. Kioo cha kukuzia hakitaiona. Mtengenezaji wa kitabu analazimika kuchagua. Akihifadhi ukubwa wa sayari, umbali unapotea. Akihifadhi umbali, sayari zinapotea. Tangu vitabu vya shule vianze kuchapishwa amekuwa akichagua sayari, na sisi tuliosoma kwake tumekua tukiamini kwamba mfumo wa Jua ni mahali palipojaa.

Anayetaka kukiona kilichoachwa aende kwenye uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105. Aweke chungwa kubwa la upana wa sentimita 11 kwenye mstari wa goli. Hilo ndilo Jua. Dunia ni punje ya milimita moja iliyo karibu mita 12 kutoka hapo, wakati Zebaki na Zuhura ziko ndani zaidi, mita nne na nusu na mita nane na nusu. Mirihi, nusu ya punje, iko mita 18. Mshtarii, kubwa kuliko sayari zote, ni gololi ya milimita 11 iliyopita kidogo katikati ya uwanja, mita 61. Zohali imeshatoka uwanjani, mita kadhaa nyuma ya goli la pili. Uranusi iko karibu mita 225, na Neptuni karibu mita 355. Katikati ya vitu hivyo hakuna chochote cha kukanyaga. Hata ukanda wa asteroidi ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, ambao wachoraji hupenda kuusonganisha kama changarawe, ukikusanywa wote haufikii sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi wetu.

Katika uwanja huo huo, Voyager 1 kilikuwa karibu mita 475 kutoka kwenye chungwa, na kilikuwa juu hewani, kama mita 250 kutoka kwenye nyasi. Hapo ndipo alipokaa msimulizi wetu.

Hilo ni jambo la kwanza la kifani linalotenganisha kazi hizi mbili. Mchoro wa darasani hauna msimulizi. Hakuna aliyesimama popote akaziona sayari nane zimejipanga hivyo, zote zikiwa zimemulikwa vizuri kutoka mbele. Ni usimulizi wa nafsi ya tatu unaojua yote na usiodaiwa ushahidi. Picha ya Familia ina nafsi ya kwanza. Msimulizi ana mahali, ana tarehe, ana saa, na macho yake yana mipaka inayojulikana: kamera mbili, moja ya kuona eneo pana na nyingine ya kuona mbali, kila picha ikiwa na pikseli 800 kwa 800. Anachokisema ni kile tu alichoweza kukiona kutoka alipokuwa.

Na alifikaje pale juu? Voyager 1 kilirushwa kutoka Cape Canaveral tarehe 5 Septemba 1977. Kiliipita Mshtarii Machi 1979, kikaipita Zohali Novemba 1980. Huko wataalamu walitaka kiupitie kwa karibu mwezi uitwao Titan, kwa sababu una angahewa nzito, jambo la nadra sana kwa mwezi. Njia hiyo ilikuwa na gharama. Mvuto wa Zohali ungekipinda chombo na kukitupa nje ya bapa ambalo sayari huzunguka ndani yake, na baada ya hapo kisingeweza kwenda Uranusi wala Neptuni. Waliichagua Titan. Chombo pacha, Voyager 2, ndicho kilichoendelea hadi Uranusi mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989. Voyager 1 kikapanda, na kufikia mwaka 1990 kilikuwa kinaliangalia bapa hilo kutoka nyuzi 32 juu yake. Kwa hiyo mtazamo wa kazi nzima, ule unaozifanya sayari zitawanyike badala ya kupangana katika mstari mmoja mwembamba, umetokana na uamuzi uliofanywa miaka kumi nyuma kwa sababu nyingine kabisa. Mshairi naye hujikuta hivyo: kina alichokichagua katika ubeti wa kwanza kinamwamulia kituo cha mwisho.

Picha yenyewe nusura isipigwe. Sagan, aliyekuwa katika kundi la wataalamu wa kamera za Voyager, alitoa wazo mapema miaka ya 1980. Pingamizi zilikuwa mbili, na zote zilikuwa na uzito. Kwanza, kuielekeza kamera karibu na Jua kungeweza kuiunguza. Pili, kisayansi picha hiyo isingeongeza kitu, maana kila sayari ilikuwa imeshapigwa picha bora zaidi kwa karibu. Miaka ikapita. Hatimaye Richard Truly, aliyekuwa mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliingilia kati ili kazi ifanyike, na Candice Hansen na William Kosmann wakaandaa mfululizo wa maagizo ya kukielekeza chombo. Pingamizi ile ya pili ndiyo inayonivutia mimi kama mhakiki. Ni kweli kwamba picha hii haikuongeza habari ya sayari hata moja. Kilichokuwa kipya ni kuziweka zote ndani ya tendo moja la kutazama, yaani fani.

Tuangalie mpangilio wa usimulizi. Chati huanza na Jua na kwenda nje. Voyager 1 kilianza na Neptuni, ya mbali kabisa, kikaenda Uranusi, kikaja Zohali, na Zuhura ikawa ya mwisho kupigwa. Kisa kinaanzia ukingoni na kurudi ndani. Picha 39 zilipigwa kwa kamera ya eneo pana, nazo ndizo zilizounganishwa kuwa utepe uliopinda, wenye kingo za ngazi ngazi, fremu moja ikipachikwa juu ya nyingine. Zilizobaki zilipigwa kwa kamera ya kuona mbali ili kuzinasa sayari zenyewe. Tazama utepe huo kwa makini na utagundua kwamba fremu nyingi hazina kitu. Mpiga picha wa harusi angezitupa. Hapa haziwezi kutupwa, kwa sababu bila hizo Neptuni haina njia ya kuunganishwa na Jua. Fremu tupu ndizo zinazobeba umbali.

Sasa wahusika. Katika wote, ni Mshtarii na Zohali tu ndizo zilizojitokeza zikiwa na umbo. Mshtarii ina upana mara 11 wa Dunia na uzito unaozidi mara mbili wa sayari nyingine zote zikijumlishwa. Humu ni pikseli chache. Zohali imeonekana na pete zake, zile zenye upana wa takriban kilomita 280,000 kutoka ukingo hadi ukingo na unene ambao sehemu nyingi haupiti makumi ya mita. Yote hayo yamekuwa kikokwa kilichochongoka pande mbili. Aliyezoea chati, ambako Zohali ndiyo malkia wa ukurasa, atasikitika. Asisikitike haraka: kule kuchongoka tu, kutoka umbali ule, ni ushahidi kwamba pete ni kitu kilichopo, na kamera ilizichukua bila kusaidiwa na mchoraji.

Uranusi na Neptuni zimetokea kama madoa yaliyovutwa. Hapa kasoro inasema kweli kuliko ufundi. Neptuni iko mara 30 mbali na Jua kuliko Dunia, kwa hiyo mwanga unaoifikia ni kama sehemu moja ya 900 ya ule unaotufikia sisi. Ili kuinasa, kamera ilibidi iache jicho lake wazi kwa sekunde 15, na katika sekunde hizo chombo hakikutulia. Sayari zikaacha mkokoto. Matokeo yake zinaonekana kubwa kuliko zilivyo, na NASA yenyewe ilitahadharisha hivyo. Mimi nausoma mkokoto huo kama alama ya uakifishaji. Unatuambia: hapa mwanga ni haba, hapa nililazimika kungoja. William Herschel aliigundua Uranusi mwaka 1781 kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Neptuni ilipatikana mwaka 1846, Johann Galle alipoitafuta mahali ambapo hesabu za Urbain Le Verrier zilisema iwepo. Binadamu waliishi maelfu ya miaka bila kuzijua, na sababu ni giza hilohilo lililoandikwa ndani ya sekunde 15. Chati inazipaka rangi safi na kuziweka karibu na wenzao, na swali la kwa nini zilichelewa kujulikana halipati hata nafasi ya kuulizwa.

Kisha tunakuja kwenye Dunia na Zuhura, na hapa nataka kukaa.

Dunia katika picha hii ni sehemu 0.12 ya pikseli. Zuhura ni sehemu 0.11. Hizo ni sayari mbili zinazokaribiana sana kwa ukubwa, na Zuhura ni ile nyota ya jioni na ya alfajiri ambayo baharia na mchungaji wanaijua bila kufundishwa. Zuhura ina joto la nyuzi 465 za Selsiasi hivi, angahewa ya kabonidioksidi inayokandamiza mara 90 zaidi ya hewa yetu, na mawingu ya asidi ya salfa. Risasi ingeyeyuka juu ya ardhi yake. Dunia ina bahari, mvua na watu. Sidhani kama kuna tofauti kubwa kuliko hiyo katika mfumo mzima wa Jua, na Picha ya Familia inaikataa. Nukta na nukta. Kipande cha Dunia kimetundikwa ofisini na madarasani kote ulimwenguni. Kipande cha Zuhura, kilichopigwa na kamera ileile, siku ileile, kikiwa na nukta karibu sawa kabisa, ni watu wangapi wamewahi kukitazama?

Jibu linatuonyesha kwamba hisia zinazotujia mbele ya nukta ya Dunia hazikutoka kwenye picha. Tumekwenda nazo. Fani ya picha ni baridi na ya haki: imewapa ndugu wawili nafasi sawa. Sisi ndio tuliompendelea mmoja kwa sababu tunakaa kwake. Sisemi kwamba hisia hizo ni mbaya. Nasema kwamba anayekata kipande kimoja na kukitundika peke yake ameivunja hoja ya kazi nzima, kwa sababu hoja hiyo inahitaji nukta zote na weusi wote. Kitu kimoja kilichokuzwa kwenye fremu yake kinarudi kuwa sayari ya kwenye chati, hata kama ni nukta.

Halafu kuna ule mwale. Katika kipande cha Dunia, mistari ya mwanga inapita juu chini na nukta imeangukia ndani ya mmoja. Wengi wameusoma kama ishara. Mwale huo ni mwanga wa Jua uliotawanyika ndani ya kamera kwa sababu Dunia, ikitazamwa kutoka kule, iko karibu sana na Jua. Kuangukia kwake pale ni bahati. Mhakiki mwaminifu anapaswa kulisema hilo waziwazi, kisha aongeze kwamba bahati hiyo ina maana ya kweli ndani ya fani: ni alama ya hatari iliyowafanya watu waogope kupiga picha hii tangu mwanzo. Jua halionekani ndani ya kipande, lakini limeacha vidole vyake kwenye lenzi.

Jua lenyewe, katika utepe mzima, halina utukufu wa chati. Upana wake kutoka kule ni sehemu moja ya arobaini ya upana tunaouona sisi. Bado lilikuwa linang'aa karibu mara milioni 8 kuliko Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote angani usiku, na ilibidi lipigwe kwa kichujio cheusi kuliko vyote na kwa muda mfupi kabisa ambao kamera iliuweza. Kubwa lenye asilimia 99.8 ya uzito wa mfumo wote limeingia kwenye familia likiwa doa jeupe lililozungukwa na miale iliyovunjika.

Wasiokuwepo nao wana la kusema. Zebaki ilimezwa na mng'ao wa Jua. Mirihi, sayari ambayo binadamu anaitamani kuliko zote, ilitafutwa na haikupatikana, kwa kuwa upande wake uliomulikwa haukukielekea chombo vya kutosha na mwanga uliotawanyika ukaifunika. Pluto, ambayo mwaka 1990 bado ilihesabiwa kuwa sayari ya tisa, ilikuwa na mwanga hafifu mno. Chati iliyokosa sayari tatu kati ya tisa ingerudishwa kiwandani. Picha hii inaweza kuzikosa ikabaki kamili, kwa kuwa haikuahidi orodha. Iliahidi ushuhuda, na shahidi akisema "huyo sikumwona" ushuhuda wake unapata nguvu.

Wakati katika kazi hii pia si mmoja. Mwanga wa Jua ulichukua zaidi ya saa tano kukifikia chombo, na mwanga wa kila sayari ulisafiri umbali wake. Picha zikahifadhiwa kwenye kanda ndani ya chombo na kutumwa polepole kwa redio. Dunia ilimaliza kuzipokea tarehe 1 Mei 1990. Hakuna sekunde moja ambayo sayari hizo zilikuwa pale zote kama tunavyoziona. Viungo vya utepe vinaonekana kwa macho, na ninashukuru kwamba aliyeviunganisha hakuvificha.

Lawama yangu moja naielekeza kwa mhariri. Katika toleo ambalo wengi wamelichapisha, herufi ndogo zimewekwa juu ya utepe kuonyesha kila sayari ilipo, na pembeni vimebandikwa visanduku sita vyenye sayari hizo zikiwa zimekuzwa. Naelewa kwa nini. Bila herufi, msomaji hana pa kushika. Lakini visanduku vimerudisha kwa mlango wa nyuma tabia ileile ya chati: jicho linakwenda moja kwa moja kwenye visanduku, linavisoma kwa mfuatano, na utepe unageuka kuwa pambo la nyuma. Herufi zilitosha. Toleo jipya la kipande cha Dunia, lililotengenezwa na mhandisi Kevin Gill wa Jet Propulsion Laboratory, maabara ya NASA, na kutolewa Februari 2020, limesafishwa kwa programu za kisasa na ni rahisi zaidi kwa macho. Hata hivyo nukta imebaki chini ya pikseli moja, na hapo usafi haukuweza kuongeza lolote.

Dakika 34 baada ya kuipiga Dunia, kamera za Voyager 1 zilizimwa, na hazikuwashwa tena.

Nina ombi kwa wanaoandaa vitabu vya sayansi na jiografia vya Kiswahili, Tanzania, Kenya na kwingineko. Mchoro wa sayari nane ubaki, mtoto anauhitaji. Chini yake yaandikwe maneno machache kwamba ukubwa na umbali havikuchorwa kwa kipimo kimoja, kwa herufi zinazosomeka na si zile za kujificha pembeni. Kisha ukurasa unaofuata upewe utepe wa Picha ya Familia, upana wote, bila visanduku. Ukurasa huo utakuwa mweusi karibu wote, na mchapishaji atashawishika kuujaza maswali ya zoezi. Asiujaze.